Kilio Kilichokuja na Dawa

Dada yangu Zipora alikuwa akivaa sweta mwezi wa Oktoba. Anayeijua Dodoma anajua Oktoba yetu ilivyo: ardhi imepasuka, upepo umebeba vumbi jekundu, mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Sisi wengine tuliofanya kibarua cha mizabibu pale Makutupora tulikuwa tukijimwagia maji kichwani, naye kajifunga kanga mbili juu ya sweta la sufu, mikono kaificha kwapani. Wakamwita Mama Baridi. Hakukasirika. Hakuwa mtu wa kukasirika, wala wa kufurahi. Ukimwambia njoo tule, alikuja. Usipomwambia, alikaa.

Mimi ni Edina, mdogo wake wa kumfuata. Haya ninayoyasimulia anayajua, na amekubali niyaseme.

Usichana wake haukuwa wa ubaridi. Nyumbani kwetu Zipora ndiye aliyekuwa moto. Alitwanga uwele huku anaimba, akacheka mpaka mama akamfokea, akabishana na kaka zetu mpaka wakamkimbia. Aliolewa Bahi na Nikodemo, kijana mpole wa mpunga na ng'ombe, nao walipendana waziwazi hadi watu wakawa wanawasema. Nilipokwenda kuwatembelea mara ya kwanza niliwakuta wanapepeta mchele pamoja, mume na mke, wanacheka jambo ambalo hawakuniambia.

Mimba yake ilikomaa katikati ya mvua. Mwaka ule bwawa la Bahi lilifurika, njia zikakatika, na uchungu ulipomshika hapakuwa na jinsi ila kujifungulia nyumbani, mikononi mwa mama mkwe wake, Mama Dorkasi. Mtoto alitoka salama, wa kiume, akalia kwa nguvu. Kondo la nyuma ndilo lililogoma. Damu ikaanza, na haikusimama. Wanaume walimbeba dada juu ya kitanda wakavuka naye maji mpaka zahanati, kanga zote zimelowa. Nesi alifanya aliloweza, kondo likatoka, damu ikakatika. Lakini ya kumwongezea haikuwepo. Alizimia, akazinduka, akazimia tena. Walipomrudisha nyumbani alikuwa mweupe kama karatasi, watu wakasema Mungu ni mkubwa, amepona.

Mtoto wakamwita Yotham. Alikuwa na nguvu za kunyonya, nilimwona mwenyewe. Nilikwenda kumhudumia dada, nami ndiye niliyekuwa nikimpakatisha mtoto. Anashika titi, ananyonya, anaachia, anatazama, anashika tena. Hakuna kitu. Siku ambazo matiti ya wazazi wengine hujaa hadi yakauma, ya dada yalikuwa laini kama ya mwanamke mzee. Mama Dorkasi alikuja kila asubuhi.

"Maziwa yametoka?"

"Bado, mama."

Tulimpikia uji wa uwele, tukamkanda kwa maji ya moto, tukampa mchuzi wa kuku. Asubuhi nyingine tena, "Maziwa yametoka?" Swali lilelile, ila sauti ilikuwa inabadilika. Mwishowe mama yule alisimama mlangoni, hakuingia, akasema, "Mwanamke aliyezaa hakosi maziwa. Huyu amemkataa mtoto. Ana lake moyoni."

Mtoto tukamnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Akaanza kuharisha. Yotham hakumaliza mwezi.

Siku ya kumzika, dada yangu hakulia. Walimleta nje, wakamkalisha kwenye mkeka katikati ya wanawake, na wanawake wakalia, mimi nikalia, hata Nikodemo akaenda nyuma ya zizi tukamsikia. Zipora alikaa kimya akatazama mbele, macho makavu, kama mtu anayesubiri aambiwe akafanye kazi gani. Maneno ya Mama Dorkasi yakapata miguu siku ile. Wakasema, si mnaona wenyewe? Hata chozi.

Nikodemo hakumfukuza. Alimvumilia miaka. Lakini damu ya mwezi haikurudi tena, mimba haikuingia, nywele zikawa zinakatika, na mwanamke aliyekuwa akitwanga huku anaimba akawa analala mpaka jua linapanda, akiamshwa anasema anasikia baridi. Walimpeleka kwa waganga, walimpeleka zahanati. Huku akachanjwa, kule akapewa vidonge vya kuongeza damu. Mwisho ukoo ulikaa, Nikodemo akaoa mwingine, Paulina, na dada akarudi kwetu akiwa na begi moja. Wazazi walipofariki nikamchukua, tukaenda kuishi Makutupora, nilikokuwa nimepata kazi kwenye mashamba ya zabibu. Akawa ananisaidia kuchuma. Taratibu mno. Wasimamizi walimvumilia kwa ajili yangu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na mimi nilishazoea. Nilidhani dada yangu amekuwa mtu wa namna hiyo, basi.

Dokta Shamila alikuja Makutupora kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Ni mtu wa mjini, mzaliwa wa mtaa wa Kikuyu, mwembamba, anatembea haraka huku ushungi unamteleza na yeye anaurudisha bila kuacha kuongea. Alikuwa mtafiti. Ameandika makala nyingi kuhusu sukari, unene na homoni, na mimi nilipoambiwa makala nikadhani ni za gazeti la kufungia maandazi. Kumbe yapo majarida ya madaktari peke yao, ya Kiingereza, yanayosomwa na madaktari wa nchi nyingine. Safari hii alitaka kujua kama wafanyakazi wa mashamba nao wanapata sukari kama watu wa maofisini. Tuliambiwa tusile kitu tangu jana yake, tuje asubuhi tupimwe kiuno, presha na damu ya kidole.

Tulipanga mstari pembeni ya banda la kuhifadhia zabibu. Zipora alikuwa mbele yangu. Kabla hajafika mezani nikamwona anayumba, jasho jembamba limemtoka usoni, na mimi nilikuwa sijaona jasho la dada kwa miaka. Akaanguka.

Nesi alimtoboa kidole palepale chini. Akatazama kile kimashine, akakitikisa, akamtoboa kidole kingine. "Dokta, njoo. Huyu yuko chini sana."

Walimpa chai yenye sukari nyingi, akazinduka. Wenzetu wengine sukari zao zilikuwa zimepanda, wanaambiwa wapunguze hiki na kile. Dada yangu peke yake alikuwa hana. Dokta Shamila alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika mkono, akaubonyeza. Akamtazama nyusi, ambazo zilikuwa zimebaki nusu. Akaomba ruhusa amtazame kwapani, ambako hapakuwa na unywele hata mmoja. Kisha akatuingiza ndani ya banda sisi wawili, akafunga mlango.

"Dada, una watoto?"

"Nilikuwa naye mmoja," Zipora akasema.

"Ulipojifungua, damu ilitoka nyingi?"

Dada akanigeukia. Nikajibu mimi, "Nyingi sana. Tulijua amekufa."

"Na baada ya hapo, maziwa yalitoka?"

Sikuwahi kumwona dada yangu akisimama kwa haraka namna ile tangu tulipokuwa wasichana. Alishika ukuta, akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Nani amekutuma wewe?"

Dokta hakuelewa. "Sijatumwa na mtu, dada."

"Umetumwa kutoka Bahi?"

"Hapana. Nakuuliza kwa sababu kuna ugonjwa unaoanza hivyo. Damu inatoka nyingi, maziwa hayaji, damu ya mwezi inakatika, mtu anasikia baridi na kuchoka. Mimi mwenyewe nimeusoma vitabuni tu. Sijawahi kukutana na mgonjwa wake."

Zipora akakaa chini polepole. "Ni ugonjwa?"

"Nadhani ni ugonjwa."

"Una jina?"

"Unalo."

Dada hakuuliza ni jina gani. Alitosheka kusikia kwamba lipo.

Tulipelekwa mjini, hospitali kubwa, akatolewa damu nyingine, akapigwa picha ya kichwa. Dokta Shamila alituita ofisini kwake, akachora kwenye karatasi kichwa cha mtu, na katikati yake, chini ya ubongo, kitu kidogo kama punje ya kunde.

"Hii ni tezi," akasema. "Ni ndogo, lakini ndiyo inayoamrisha. Inaamrisha maziwa, inaamrisha damu ya mwezi, joto la mwili, nguvu, hamu ya kula. Mwanamke akiwa mjamzito inavimba, inahitaji damu nyingi kuliko kawaida. Sasa wewe damu ilikuishia ghafla. Tezi ikakosa damu, ikafa. Hukumnyima mtoto, dada Zipora. Wa kuagiza maziwa ndiye hakuwepo."

Zipora akaitazama ile punje ya kalamu kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hii ilikufa kabla ya Yotham."

"Ndiyo. Siku ileile ya kujifungua."

"Na mimi nikabaki."

"Ukabaki," dokta akasema, "na sijui ulibakije miaka yote hii bila dawa."

Alimwanzishia vidonge vya aina ya kwanza, na baada ya muda akamwongezea vya aina ya pili. Akamwonya asiache hata siku moja maisha yake yote, na akipata homa aongeze vya kwanza na kuja hospitali mbio, maana anaweza kufa. Dada akauliza swali moja tu.

"Nikinywa hizi, nitazaa?"

Dokta Shamila alirudisha ushungi wake, ingawa safari hii haukuwa umeteleza. "Tezi ikishakufa haifufuki. Dawa zinajaza pengo tu, na pengo la uzazi hizi hazilijazi. Zamani kidogo, ungekuwa kijana, tungetafuta njia. Sasa hivi siwezi kukudanganya."

"Sawa," dada akasema. Akatia vidonge kwenye mkoba. Alisema sawa kama alivyosema sawa kwa kila jambo.

Nitasema ukweli, dawa zile zilifanya kazi. Wiki haikuisha akaamka kabla yangu na kuwasha moto. Akaomba ugali wa pili. Baada ya miezi kadhaa nilirudi kutoka shambani nikamkuta amelivua sweta, amelifua, amelianika uani, na yeye amekaa na gauni jepesi anajipepea. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Uso ulirudia umbo lake, sauti ikalainika. Wasimamizi wakaniuliza kama ana pacha. Dokta alipokuja kumtazama alifurahi kama mtoto. Alimpiga picha ya uso, akamwomba ruhusa ya kuandika habari zake kwenye jarida, bila jina, ili madaktari wengine wakiona mwanamke wa namna ile wamtambue. Dada akakubali.

Kilio kilikuja baadaye.

Tulikuwa tunapogolea, kila mtu na mstari wake. Nikasikia mlio upande wa pili wa mizabibu, nikadhani mbwa ameumia. Nilipovuka nilimkuta Zipora amepiga magoti, mkasi umeanguka, mikono ameikumbatia kifuani, analia kwa sauti ya chini, ya kuvuta, inayotoka tumboni. Nikamwinua. Nikamuuliza umeumia wapi, nyoka? Akatikisa kichwa. Alilia mpaka akaishiwa, akajifuta, akaokota mkasi, akaendelea na kazi. Kesho yake tena. Na siku iliyofuata. Akiwa anaosha vyombo, akiwa anachota maji, akisikia mtoto wa jirani analia kwa njaa ndiyo kabisa.

Mimi nikaogopa. Jirani mmoja akaniambia ni mapepo yametikiswa na dawa za hospitali. Nikamwambia dada, "Labda tuziache hizi dawa kidogo, tuone."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, mimi nilikuwa nimesahau kwamba mkono wa dada yangu unaweza kuwa wa moto. "Edina, si wazimu. Ni Yotham."

"Yotham ni zamani, dada."

"Kwenu ni zamani. Ninyi mlimlilia mkamaliza. Mimi siku ile nilikuwa kama mtu aliyefunikwa na blanketi zito. Niliona mnamzika, nikajua ni mwanangu, na hakuna kilichoniuma. Nikajitazama nikajiuliza, mimi ni mama wa namna gani? Nikasema labda mama mkwe ni kweli anayoyasema. Sasa blanketi limetoka, Edina. Amekufa juzi."

Mtu anakwambia amefiwa juzi, nawe unajua kaburi lina miaka kumi na minane.

Ile makala ilitoka wakati wa mavuno. Dokta Shamila alikuja nayo mwenyewe, karatasi chache zimebanwa, amefurahi, akasema si haki sisi tusijue kilichoandikwa. Tukakaa kwenye mkeka uani. Akawa anaisoma Kiingereza moyoni na kututolea kwa Kiswahili. Kwamba kulikuwa na mwanamke, mkulima, wa katikati ya Tanzania. Kwamba alitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Kwamba alishindwa kunyonyesha.

"Hapo," dada akasema.

Dokta akanyanyua macho.

"Sikushindwa kunyonyesha. Nilinyonyesha. Yeye alinyonya, mimi nilimpa. Maziwa ndiyo hayakuja."

"Ndivyo tunavyoandika, dada. Ni lugha ya kitabibu, maana yake ni hiyohiyo ya kwamba maziwa hayakuja."

"Mama Dorkasi naye alisema hivyohivyo. Nimeshindwa."

Nilimwona Dokta Shamila anaitafuta ile sentensi tena kwa kidole, kana kwamba ataikuta imebadilika. "Imeshachapwa," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kuitoa. Ningekusomea kwanza kabla ya kuituma. Sikufikiri."

"Endelea," dada akasema. "Mwisho wake ukoje?"

"Mwisho nimeandika kwamba baada ya matibabu, hali ya mgonjwa imekuwa nzuri sana."

Zipora alicheka, kicheko chake kile cha usichana, kifupi, halafu kikageuka mdomoni mwake kikawa kilio, pale pale mbele ya mgeni. Dokta aliziweka karatasi chini. Alinitazama mimi, nikamweleza: mizabibuni, kwenye vyombo, kila siku, tangu dawa zilipokolea. Nikamwambia hakulia msibani. Nikamweleza habari ya blanketi.

Aliniuliza, "Kwa nini hamkuniambia? Kila nikija nauliza unaendeleaje, anasema vizuri."

"Uliniuliza baridi," dada akasema katikati ya machozi. "Uliniuliza kula, kulala, nguvu. Hivyo ni vizuri kweli."

Pembeni ya dokta upepo ulikuwa unafunua zile karatasi moja moja, hakuzishika. Kisha akasogea kwenye mkeka, akakaa karibu na dada, bega kwa bega. "Unataka nini, dada Zipora? Si kama daktari. Nakuuliza tu."

"Nataka kwenda Bahi nikamzike mwanangu."

Tulikwenda siku ya Jumamosi kwa gari la dokta. Nilitangulia kumpigia Nikodemo simu, akasema njooni tu. Tulimkuta nje anatusubiri, ana mvi, amekonda. Mkewe Paulina alituletea maji, akatukaribisha kwa heshima, watoto wao wakubwa wakaja kutoa shikamoo. Mama Dorkasi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mzee sasa, anaona kwa jicho moja.

"Mbukwa, mwanangu," akamsalimu dada kwa Kigogo. "Umependeza. Ulipotea wapi?"

Dada akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba."

Dokta Shamila ndiye aliyeeleza. Alieleza vizuri, bila haraka, juu ya damu na tezi na maziwa. Nikodemo alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mimi sikuweza kujizuia, nikasema, "Sasa umesikia, mama. Hakumkataa mtoto."

Mama Dorkasi akanigeukia kwa jicho lake moja. "Nani alisema alimkataa?"

"Wewe, mama. Ulisimama mlangoni hapo hapo."

"Mimi?" Alishangaa kweli, hakujifanya. Alijaribu kukumbuka, uso ukajikunja, akashindwa. "Mimi niseme neno hilo? Lini?"

Miaka yote ile dada yangu amelibeba neno hilo, na aliyelisema alilitua siku hiyohiyo akaenda zake. Nilitaka kuongea zaidi, lakini Zipora akaniwekea mkono gotini. "Acha, Edina," akasema. Kisha akamgeukia aliyekuwa mume wake. "Nionyeshe."

Nikodemo hakusogea. "Zipora, ile miaka maji yalipopanda, bwawa lilikuja mpaka huku. Lilipoondoka lilikuwa limesawazisha kila kitu. Siku hizi ni majaruba ya mpunga."

"Nionyeshe hivyohivyo."

Tukamfuata juu ya matuta membamba, maji huku na huku, mpunga umeshika kijani, majirani wanapalilia. Mwisho wa shamba lake palikuwa na pembe ambayo haikulimwa. Nyasi tu na matete, kipande kikubwa, ardhi nzuri imekaa bure. Akasimama.

"Ilikuwa hapa. Au pale. Sijui kwa hakika, ndiyo maana pembe yote hii silimi."

Paulina, aliyekuwa nyuma yetu, akasema taratibu, "Kumbe ndiyo sababu." Akanieleza baadaye kwamba waligombana juu ya pembe ile kila msimu, na mumewe hakuwahi kumwambia kisa chake.

Dada yangu aliingia kwenye nyasi. Alitembea kidogo, akasimama, akatembea tena, akachagua mahali, akakaa chini. Akafungua kinywa akalia. Hakuvuta kwa ndani kama kule mizabibuni. Alilia kwa sauti kubwa, kama wanavyolia kwetu mtu akifa, akamwita kwa jina, Yotham, Yotham wangu, akamwambia alivyokuwa mzuri, akamwambia alivyonyonya.

Kwenye majaruba watu walinyoosha migongo. Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke mwenye matope hadi magotini, akamuuliza Nikodemo, "Baba, kuna msiba? Nani?"

"Mwanangu," Nikodemo akasema.

"Yupi?"

"Wa kwanza."

Mwanamke yule hakuuliza zaidi. Aliiweka kanga yake vizuri kiunoni, akaingia kwenye nyasi, akakaa karibu na dada na kuanza kulia naye. Wakaja wengine. Wengi walikuwa vijana, hawakuwahi kumwona Yotham wala kumjua Zipora, wakakaa hivyohivyo, kwa kuwa kuna mama analia. Mjukuu mmoja alimleta Mama Dorkasi kwa kumshika mkono. Kikongwe alijishusha chini kwa shida, akamshika dada mguu, akasema, "Alikuwa na nywele nyingi. Nilimwosha mimi. Nywele nyingi, mpaka shingoni."

"Ndiyo, mama," dada akasema. "Nyingi."

Dokta Shamila alikuwa amesimama kwenye tuta, viatu mkononi. Baadaye naye akashuka, akakaa kwenye matope na wanawake.

Nikodemo aliwaita wazee wawili wa kanisa, wakaomba. Paulina akapika. Nikamwachia dada vidonge vyake, nikamwonyesha Paulina vya asubuhi na vya mchana asije akavisahau, maana dada alitaka kubaki mpaka matanga yaishe. Alikaa pale siku kadhaa, akilala chumba kimoja na Mama Dorkasi.

Aliporudi alikuwa amekonda kidogo. Dokta alikuja kumtazama, akampima, akaridhika. Kisha akamwambia kuna jambo anataka kuuliza: katika majarida aliyoyasoma hakuona mtu aliyeandika kwamba mgonjwa wa namna hii akipata dawa huweza kupata na majonzi aliyokosa kuyasikia zamani. Angependa aandike hilo nalo, na safari hii angemsomea kila neno kabla ya kulituma.

Zipora alifikiri. "Hapana, dokta," akasema. "Ile ya kwanza nilikupa kwa moyo wote, iwasaidie. Hii niachie."

Dokta akaitikia kwa kichwa. Hakuandika. Ameendelea na kazi zake za sukari, na kila anapokwenda wilayani anawauliza wanawake wachovu maswali yaleyale. Amewapata wawili wengine, mmoja akiwa hajapoteza mtoto, namshukuru Mungu.

Dada bado analia. Nisidanganye kwamba yaliisha Bahi. Lakini analia kama waliofiwa wengine, leo sana, kesho kidogo, wiki nyingine hamna. Mwaka huu Nikodemo alituma gunia la mchele mpya kwa basi. Tuliupika Jumapili. Zipora alikula kwenye sahani yake taratibu, akasema ni mtamu, akaniomba nimwongeze.